Kwanini Nazipenda Muoni, Chembe Zinazoishi Maikrosekunde Mbili Tu

Ukitaja muoni mbele ya watu wanaofuatilia fizikia, wengi wanakimbilia mambo mawili. La kwanza ni zile muoni za kutoka angani ambazo zilitumika kuchungulia ndani ya piramidi ya Khufu. La pili ni ule ubishi wa usumaku wa muoni kule Fermilab, maabara ya chembe ya Marekani, ambao umeandikwa mpaka basi. Sawa, yote mazuri, sina ugomvi nayo. Ila kuna kundi jingine kubwa tu la watu wanaoitumia hii chembe mwaka mzima na hawatafuti chembe mpya wala vyumba vya siri, wao wanachukua kipande cha fuwele, cha superkondakta (kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani), au cha malighafi ya betri, wanakipiga muoni, wanasubiri kila moja ife, alafu wanasoma kilichoruka nje. Hao ndio mimi napenda kuwafuatilia, na leo nawaongelea wao.

Kinachonivutia ni hiki: karibu kila sifa inayoifanya muoni ifae kazi hii, mwanzoni ilionekana kama kasoro. Haidumu. Haina kazi yoyote inayojulikana ndani ya maada ya kawaida. Haiingiliani na kiini cha atomi kwa ile nguvu kubwa inayoshika protoni na nutroni. Na ikifa, haifi kwa usawa, inapendelea upande mmoja. Ondoa hata moja tu kati ya hizo na mbinu nzima inaporomoka.

Tuanze na ile ya tatu maana ndiyo iliyowatesa watu wa zamani. Carl Anderson na Seth Neddermeyer waliiona muoni kwenye miale ya angani mwaka 1936, na kwa karibu miaka kumi wanafizikia wengi waliamini kuwa ndiyo ile chembe ya Yukawa, yaani gundi ya kiini. Ikawa hivyo mpaka Conversi, Pancini na Piccioni, waliokuwa wakifanya kazi Roma kwenye mazingira magumu ya vita na baada ya vita, wakaonyesha kuwa muoni hasi zikisimama ndani ya kaboni nyingi zinakufa zenyewe tu, wakati gundi ya kweli ingemezwa na kiini papo hapo. Kwahiyo haikuwa gundi. Ilikuwa elektroni nzito, mara 207 ya elektroni ya kawaida, au ukipenda protoni nyepesi, karibu moja ya tisa ya uzito wa protoni, na haijulikani ipo kwa ajili gani. Isidor Rabi anakumbukwa kwa kuuliza ni nani aliyeiagiza. Lakini fikiria kidogo: chembe inayopita karibu na kiini bila kugombana nacho kwa ile nguvu kubwa ni chembe inayoweza kukaa ndani ya kitu na kusikiliza umeme na sumaku peke yake. Hiyo si hasara hata kidogo.

Sasa 1957. Huu mwaka naupenda kuliko mwingine wowote kwenye hii stori. Mwaka uliotangulia wanafizikia Lee na Yang walikuwa wamependekeza kuwa ile nguvu dhaifu ya kiini huenda haiheshimu ulinganifu wa kioo, yaani tukio na taswira yake kwenye kioo si lazima vitokee sawa. Mwanafizikia Wu na wenzake wakalijaribu kwa kobalti. Habari zilipovuja, Richard Garwin, Leon Lederman na Marcel Weinrich walikimbilia saiklotroni (mashine ya kuongeza kasi ya chembe) ya Nevis ya Chuo Kikuu cha Columbia na ndani ya siku chache tu za Januari wakapata jibu lao wenyewe kwa muoni. Walichofanya ni hiki: walisimamisha muoni ndani ya grafiti, wakaizungushia koili ya waya, wakapitisha umeme kidogo ili uga wa sumaku uzigeuze spini za muoni (spini ni kama sindano ndogo ya sumaku iliyo ndani ya chembe), alafu badala ya kuhangaika kuhamisha detekta wakaiacha palepale na kuhesabu positroni, yaani elektroni zenye chaji chanya zinazotoka muoni ikifa, kadiri walivyobadilisha umeme. Hesabu ikapanda na kushuka kama wimbi. Kioo kimevunjika.

Ukiangalia vizuri kifaa kile, ndicho kilekile kinachotumika leo kupimia sumaku ndani ya vitu, kimepanuliwa tu na kupewa kompyuta. Yaani jaribio la kwanza kabisa la kuonyesha kuwa muoni inavunja ulinganifu lilikuwa tayari ni jaribio la kutumia muoni kama kipimo. Na wenyewe walijua! Kwenye ile ripoti yao fupi waliandika kuwa muoni zenye spini zilizopangwa zinaweza kuja kuwa chombo chenye nguvu cha kuchunguza nyuga za sumaku ndani ya viini, atomi, na nafasi zilizo kati ya atomi. Watu wamegundua jambo la kuitikisa fizikia nzima, na bado wanapata sentensi moja ya kusema hiki kitu kitafaa pia kwa kazi za kawaida. Mimi huwa nairudia hiyo sentensi kila nikisikia mtu anagawa sayansi kuwa ya msingi huku na ya matumizi kule.

Jinsi inavyofanya kazi si ngumu sana ukienda hatua kwa hatua. Unapiga protoni zenye nguvu kwenye grafiti, zinatoka pioni. Pioni chanya ikisimama karibu na uso wa grafiti inaishi nanosekunde 26 kisha inagawanyika kuwa muoni na nyutrino. Nyutrino ina spini inayoelekea upande mmoja tu ukilinganisha na mwendo wake, haina uchaguzi, na kwa kuwa pioni haikuwa na spini kabisa, muoni inalazimika kulipa deni hilo kwa kuwa na spini iliyoelekea kinyume na mwendo wake. Kwahiyo muoni zote zinakuja zimepangwa, karibu asilimia mia. Bure kabisa. Linganisha na NMR, yaani kupima spini za viini vya atomi kwa sumaku na mawimbi ya redio, ambayo ni ndugu wa kazi hii: hata ukiweka sumaku kubwa ya tesla kumi kwenye joto la kawaida, ziada ya protoni zilizopangika ni chache tu katika kila laki moja. Muoni haihitaji sumaku wala baridi kali ili ipangike, imezaliwa hivyo.

Muoni hizo zinatoka na nishati ya MeV 4.1 hivi, zinapita kwenye mabomba ya ombwe zikiongozwa na sumaku, zinaingia kwenye sampuli na kusimama ndani yake kabla hata ya milimita moja kwa vitu vingi vigumu. Zinasimama haraka mno, na kwa sababu kinachozipunguza mwendo ni misukumo ya umeme, spini inafika salama bila kugeuzwa. Hapo sasa inakaa kwenye nafasi kati ya atomi, na kama kuna uga wa sumaku mahali hapo spini inaanza kuzunguka kama pia iliyoinama. Kwenye tesla moja inazunguka mara milioni 135.5 kwa sekunde. Uga ukiwa gausi mia (yaani moja ya mia ya tesla), inazunguka kama mara tatu ndani ya maisha yake ya wastani ya maikrosekunde 2.2. Kisha inakufa, inatoa positroni na nyutrino mbili, na positroni inapenda kutoka upande ule spini ilikoelekea. Ukijumlisha positroni za nishati zote, uwezekano wa kutokea mbele kabisa ya spini ni mara mbili ya kutokea nyuma yake kabisa.

Positroni moja haikwambii lolote. Lakini ukikusanya milioni kadhaa, ukaandika kila moja iliingia saa ngapi na ikatoka saa ngapi na kuelekea detekta ipi, ukaondoa ule mteremko wa kawaida wa kufa, kinachobaki ni mchoro wa spini ikizunguka na kuchoka. Kasi ya mzunguko inakupa ukubwa wa uga. Jinsi inavyochoka inakupa kama uga huo ni sawa kila mahali au umechafuka, umetulia au unatetemeka. Na hapa ndipo ule ufupi wa maisha unapogeuka kuwa faida, maana saa ya kipimo ni kifo chenyewe. Chembe isiyokufa ingekaa humo ndani na kunyamaza milele. Inayokufa ndani ya nanosekunde isingepata muda wa kuzunguka. Maikrosekunde mbili ni muda wa kutosha kuona uga mdogo, na saa za kielektroniki zinaupima bila shida.

Kuna mashine za aina mbili na watu wake huwa wanataniana. Kwenye maabara za PSI Uswisi na TRIUMF Kanada muoni zinakuja mfululizo, moja baada ya nyingine, na inabidi uwe na moja tu ndani ya sampuli kwa wakati mmoja, maana ikiingia ya pili kabla ya kwanza haijafa hutajua positroni ni ya nani na unatupa zote mbili. Kule ISIS Uingereza na J-PARC Japani zinakuja kwa mikupuo, mara 40 kwa sekunde ISIS na mara 25 J-PARC, maelfu kwa pamoja, na saa inaanzia kwenye mkupuo. Ya kwanza inaona mizunguko ya kasi sana lakini inasumbuliwa na kelele za nyuma. Ya pili haioni mizunguko ya kasi kwa sababu mkupuo wenyewe una upana, ila baada ya mkupuo kupita kunakuwa kimya, kwahiyo unaweza kufuatilia spini mpaka maikrosekunde ishirini na zaidi, wakati muoni nyingi zimeshakufa zamani. Mtu anayetafuta sumaku kali anataka ya kwanza, mtu anayetafuta mtetemo mdogo na wa polepole anataka ya pili, na ndio maana maabara zenyewe hazijauana kwa ushindani.

Kipimo kinachonifurahisha kuliko vyote ni kile cha bila uga wowote. NMR ya kawaida inahitaji sumaku ya nje ili ipate ishara. Muoni haihitaji. Unaizima sumaku, unazungusha koili za kufuta hata uga wa dunia, ambao ni kama nusu gausi tu, alafu unaacha kitu chenyewe kiseme. Mwaka 1967 wanafizikia Kubo na Toyabe walikuwa wamepiga hesabu ya kitakachotokea kwa spini iliyozungukwa na nyuga ndogo zilizotulia na zenye mielekeo ya ovyo ovyo, kwa mfano zile zinazotoka kwenye viini vya atomi jirani. Hesabu ikasema mpangilio wa spini utashuka, utafika chini, alafu (hapa ndipo watu wanashtuka) utapanda tena na kutulia kwenye theluthi moja. Theluthi inatoka wapi? Uga ukielekea ovyo, kwa wastani theluthi yake iko sambamba na spini ilivyoanza, na sehemu ya uga iliyo sambamba haiigeuzi spini. Rahisi hivyo. Lakini hesabu hiyo ilikaa miaka bila chombo cha kuionyesha, mpaka R. S. Hayano na wenzake walipochapisha matokeo ya muoni chanya mwaka 1979, na mchoro ukashuka na kupanda vilevile.

Ile theluthi ina kazi yake. Nyuga zikiwa zimeganda, mkia unabaki juu umenyooka. Zikianza kutetemeka hata polepole, mkia unaanza kushuka. Kwahiyo kwa mchoro mmoja unajua kama sumaku za ndani zimelala au ziko macho, na zinatetemeka kwa kasi gani, kwenye masafa ambayo ni ya polepole mno kwa vipimo vingi vya nutroni na mara nyingi ya haraka mno kwa NMR. Watu wa betri walilishika hili mapema. Litiamu ikiruka kutoka nafasi moja kwenda nyingine ndani ya LiCoO2 (oksidi ya litiamu na kobalti), muoni iliyotulia karibu nayo inasikia nyuga za viini zikibadilika, na mwaka 2009 Jun Sugiyama na wenzake wakaitumia hiyo kupima jinsi litiamu inavyosambaa ndani ya hiyo oksidi, kwenye kitu ambacho NMR inapata tabu kwa sababu usumaku wa kobalti unavuruga ishara. Nikisoma matangazo ya betri mpya huwa nakumbuka kuwa kuna mtu mahali fulani amekaa usiku anaangalia mkia wa theluthi unashuka.

Superkondakta ndiko muoni ilikopatia jina kubwa zaidi. Ukiweka superkondakta ya aina ya pili kwenye uga wa sumaku, uga unaingia kwa nyuzi nyuzi, na muoni zinasimama bila kuchagua, nyingine karibu na uzi nyingine mbali. Mchanganyiko wa nyuga unaoupata unakwambia sumaku inapenya umbali gani, na kutokea hapo unajua ni elektroni ngapi zimejiunga kwenye ule mwendo usio na ukinzani. Mwaka 1989 Tomo Uemura na wenzake wakachukua vipimo hivyo kwa superkondakta za oksidi za shaba na kuonyesha kuwa kwa zile zenye elektroni chache, joto la kuanza kupitisha umeme bila ukinzani linapanda sambamba na wingi huo. Mchoro wake umebishaniwa sana lakini haujaondoka mezani.

Alafu kuna Sr2RuO4, oksidi ya strontiamu na rutheniamu, na hii inastahili kukaliwa kidogo maana inaonyesha ubora wa muoni na ubishi wake kwa pamoja. Hii inakuwa superkondakta chini ya kelvini 1.5. Mwaka 1998 Graeme Luke na wenzake walionyesha kuwa inapoingia kwenye hali hiyo, ndani yake panazuka nyuga ndogo za sumaku, za kiwango cha nusu gausi hivi, bila mtu kuweka sumaku yoyote. Maana yake ni kuwa elektroni zilizoungana zina mwelekeo wa mzunguko, zinatofautisha muda kwenda mbele na muda kurudi nyuma. Mwaka huohuo NMR nayo ikaleta matokeo yaliyoonekana kukubaliana na picha ya elektroni zilizoungana spini zikiwa upande mmoja, kwahiyo kwa miaka ishirini vitabu vikaandika kuwa jambo limekwisha. Halikuwa limekwisha. Mwaka 2019 Andrej Pustogow na wenzake wakarudia NMR kwa uangalifu zaidi, wakaonyesha kuwa mapigo ya redio yenyewe yalikuwa yanaipasha sampuli joto, na ile nguzo ya spini ikaanguka. Matokeo ya muoni je? Hayakuanguka. Mwaka 2021 Vadim Grinenko na wenzake waliibana fuwele hiyo upande mmoja kule PSI na kuona joto la kuanza superkondakta likiachana na joto la kuzuka zile nyuga ndogo, yaani mambo mawili yanayotengana ukiyasukuma. Vipimo vingine bado vinagoma kukubaliana na hilo. Mimi binafsi naona muoni imesimama vizuri hapo, lakini anayesema ameshinda ana haraka.

Na anayebisha ana haki ya kuuliza swali moja gumu: muoni iko wapi? Maana kipimo kinatoa uga wa mahali ilipokaa, lakini hakisemi ilikaa wapi. Ni chaji chanya iliyoingizwa kwa nguvu kwenye fuwele, itavuta elektroni, itasukuma atomi, itatafuta kona ya kujibana karibu na oksijeni au florini. Kwenye floridi tuna bahati: muoni inakaa katikati ya florini mbili, inazivuta kuelekea kwake, na spini tatu zinaanza kuzunguka kwa pamoja kwa mtindo unaoweza kusomeka mpaka umbali kati ya hizo florini, jambo lililoonekana tangu 1986 na Jess Brewer na wenzake. Kwenye vitu vingine inabidi upige hesabu za kompyuta, na kwa bahati nzuri hesabu hizo sasa zimekuwa za kawaida. Zamani mtu alikuwa anachora uga, anachagua mahali panapompendeza, anaendelea na maisha. Mwaka 2015 F. R. Foronda na wenzake walionyesha kuwa kwenye sumaku fulani zenye praseodimi muoni inapinda mazingira yake kiasi kwamba sehemu ya kile kinachopimwa ni kazi ya muoni yenyewe. Ripoti isiyogusa kabisa swali hilo mimi siku hizi naisoma kwa jicho moja.

Halafu kuna watu ambao hiyo kero ndiyo wanayoitaka. Muoni chanya ikidaka elektroni inakuwa atomi kamili inayoitwa muoniamu, ambayo Vernon Hughes na wenzake waliitambua kwenye gesi ya argoni mwaka 1960. Kwa kemia ni haidrojeni tupu: nishati ya kuitenganisha inatofautiana na ya haidrojeni kwa nusu asilimia hivi, ukubwa vilevile, uzito tu ndio umeshuka kuwa moja ya tisa. Kwahiyo ukitaka kujua haidrojeni iliyopotea ndani ya semikondakta inafanya nini, na haidrojeni ni ngumu mno kuonekana kwa vipimo vya kawaida maana ni nyepesi na ni chache, unaingiza muoni na kuisikiliza. Kwenye silikoni walikuta aina mbili za muoniamu kwa wakati mmoja, moja inazurura kwenye uwazi na nyingine imejichomeka katikati ya muungano wa silikoni mbili na kuzitenganisha. Hiyo ya pili ilionekana 1973 kama ishara ya ajabu, na miaka ikapita ndipo mahali pake pakaeleweka.

Mfano wangu wa kupenda ni oksidi ya zinki. Kila mtu aliyeitengeneza alishangaa kwanini inapitisha umeme hata bila kuwekewa kitu. Mwaka 2000 Chris Van de Walle alitoa hesabu zilizosema kuwa mhalifu ni haidrojeni, ambayo humo ndani inaachia elektroni yake kirahisi sana, tofauti na inavyofanya kwenye semikondakta nyingi. Mwaka uliofuata Steve Cox na wenzake wakaingiza muoni na kupata muungano kati ya spini ya muoni na ya elektroni wa kilohezi 500 tu. Kwenye muoniamu ya ombweni muungano huo ni megahezi 4463. Yaani elektroni imesambaa mbali, haijashikwa karibu kabisa, sawasawa na hesabu zilivyosema. Ila ukumbuke mipaka: muoni inaishi maikrosekunde mbili, haina muda wa kutembea kutafuta mahali panapoifaa kuliko pote, kwahiyo inaonyesha haidrojeni inaweza kukaa wapi, si lazima nyingi zinakaa wapi. Na wepesi wake unaifanya itikisike zaidi pale ilipo.

Mpaka hapa ni muoni chanya. Hasi ni mnyama mwingine. Inanaswa na atomi kama elektroni, inaporomoka ngazi baada ya ngazi kuelekea kiini huku ikitoa eksirei, na kwa kuwa ni nzito mara 207 njia zake ziko karibu na kiini kwa kiwango hichohicho na eksirei zake zina nguvu karibu mara 200 ya zile za elektroni, kwahiyo zinatoka hata kutoka ndani kabisa ya kitu. Ndio maana sarafu za dhahabu za Kirumi zimepimwa kwa mbinu hii bila kukwaruzwa, na mawe yaliyoletwa na chombo cha angani cha Japani, Hayabusa2, kutoka asteroidi Ryugu yakapimwa J-PARC hivyohivyo.

Lakini kilele ni haidrojeni ya muoni hasi: protoni moja, muoni moja, basi. Muoni ikiwa karibu hivyo, muda inaoutumia ndani ya protoni yenyewe unaongezeka mamilioni ya mara kuliko wa elektroni, kwahiyo ngazi zake za nishati zinasogea kulingana na ukubwa wa protoni. Kundi la CREMA kule PSI liliamua kupima kwa leza. Kila muoni ikiingia kwenye gesi, leza ya mikromita 6 inatakiwa iwake ndani ya takribani maikrosekunde moja, bila onyo. Walijaribu 2003 hawakuona kitu. Wakajaribu 2007, wapi. Mwaka 2009 wakapanua eneo la kutafuta, na ishara ikawa imekaa nje ya pale nadharia na vipimo vyote vya awali vilipokuwa vinawaelekeza. Randolf Pohl na wenzake walichapisha 2010: protoni ina nusu kipenyo cha femtomita 0.84184, wakati thamani iliyokubalika ilikuwa 0.8768. Asilimia nne ndogo. Kwa mtu wa nje asilimia nne si kitu, kwa watu waliojiamini kwa tarakimu nyingi ilikuwa vurugu ya miaka kumi.

Watu walitumaini ni fizikia mpya. Mimi nilikuwa upande wa waliodhani elektroni ndizo zilizopimwa vibaya, ingawa sikuwa na sababu nzito zaidi ya kuwa muoni iko karibu zaidi na protoni kuliko elektroni. Mwaka 2017 kipimo cha haidrojeni ya kawaida kutoka Garching kikaangukia upande wa ndogo, 2018 Paris wakapata kubwa, 2019 Kanada ndogo, mwaka huohuo jaribio la PRad la kutawanya elektroni kule Marekani nalo ndogo. Thamani rasmi ya CODATA, kamati inayopanga thamani za fizikia za kutumika duniani, ikashuka kufuata muoni. Ila kile kipimo cha Paris hakuna aliyekionyesha kosa lake waziwazi, na hiyo ndiyo sehemu ninayoiona bado inawasha.

Kinachokwamisha kazi nyingi sasa ni kitu cha kawaida kabisa: ukubwa wa mwale. Muoni zinatoka zimetawanyika, doa lake kwenye sampuli ni la sentimita, wakati wanaotengeneza vitu vipya vya kusisimua wanakuja na fuwele ya nusu milimita au utando wa nanomita chache. PSI walitatua sehemu ya tatizo kwa kuzipitisha muoni kwenye utando wa gesi iliyogandishwa kama argoni, ambapo nyingi zinapotea na moja tu kati ya elfu kumi au zaidi ndiyo inatoka polepole, kisha wanaiongeza kasi kidogo kidogo na kuchagua isimame kwa kina gani, kuanzia nanomita chache mpaka kama mia mbili. Kwa njia hiyo mwaka 2000 walionyesha moja kwa moja uga wa sumaku ukififia ndani ya YBCO (superkondakta ya oksidi ya shaba) kadiri unavyozama, mteremko ambao ndugu wawili London walikuwa wameuandika kwa hesabu mwaka 1935. J-PARC wao wanapitia njia nyingine, wanatengeneza muoniamu, wanaipasua kwa leza ili muoni ibaki imetulia karibu kabisa, na mwaka 2024 walitangaza kuwa wamezichukua hizo zilizopoa na kuziongeza kasi upya. Mwale wa aina hiyo unaweza kubanwa kuwa mwembamba. Bado muoni zinazopatikana ni chache sana kwa kazi za kila siku, kwahiyo mwenye fuwele ya nusu milimita kwa sasa anazipanga nyingi kwenye bamba la fedha, zote zikielekea upande mmoja, anazigandisha kwa vanishi na kuomba zamu kwenye mashine.